Bi Kanuni na Kibao Kisicho na Mtu

Shangazi yangu huwasha indiketa hata akiegesha gari ndani ya ua wake mwenyewe, na wanaoonyeshwa ni mimi na kuku wawili. Miaka ishirini na miwili amefundisha watu udereva kwa gari jeupe lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi, nyingine ya uhai wake. Madereva wa mji humwita Bi Kanuni, wala hawamsifu. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu husimama kabisa, magurudumu yakanyamaza, mpaka waenda kwa miguu wenyewe wanaingiwa na wasiwasi. Mzee mmoja aliwahi kuweka kikapu chake chini akaja kumsaidia kusukuma.

Mji wetu una sheria mbili za barabarani. Ya kwanza iko kitabuni. Watu huikariri wiki ya mtihani na kuitapika siku ya mtihani. Ya pili ni ya kumulikiana: dereva wa upande wa pili akikupiga taa ujue trafiki yuko mbele, na barabara nzima inafunga mikanda kwa mkupuo kama waumini wanaoitikia dua. Hiyo ya pili Shangazi hakuisoma. Akimulikwa hupunguza taa zake na kuomba radhi kwa mkono.

Siku ya mkasa nilikaa kiti cha nyuma na faili la wanafunzi. Usukani ulikuwa kwa fundi cherehani, mtu anayeshona suruali kwa saa moja lakini akishika gari huliendesha kama limepakia mayai ya mama mkwe. Tukafika kwenye ile njia nyembamba nyuma ya maghala, ambako mafundi wa barabara walikuwa wakiziba mashimo mwezi mzima. Waliongoza magari kwa kibao chenye mpini: uso mmoja mwekundu, SIMAMA, uso wa pili kijani, NENDA. Ijumaa walimaliza kazi, wakapakia koleo na ndoo, wakakisahau kibao kikiwa kimesimikwa ndani ya tairi lililojaa zege. Uso mwekundu ulitutazama sisi. Tangu Ijumaa mji mzima ulikipita kama sanamu ya kutishia ndege.

Fundi akasimama.

"Safi sana," Shangazi akasema. Tukangoja.

Tulingoja mpaka fundi akaanza kutokwa na jasho. "Mwalimu, nishuke nikigeuze?"

"Kugeuza alama ya barabara ni kosa. Ukurasa wa arobaini na moja."

Nyuma yetu honi zikaanza, moja moja, kisha zote. Dereva wa lori akashuka, kifua wazi, ufunguo mdomoni.

"Mama, hicho kibao hakina mtu!"

"Hata taa za barabarani hazina mtu, mwanangu."

"Basi na wewe huna mtu nyumbani wa kukuambia ukweli?"

"Ninaye. Hata yeye husimama."

Hilo ni kweli. Mume wake huangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka sebule.

Dakika arobaini zilipita ndipo trafiki akaja, kwa miguu, maana pikipiki yake ilikwama kwenye foleni hiyo hiyo. Akatupungia mkono tupite. Shangazi akamwambia fundi, "Amri ya askari iko juu ya kibao. Nenda." Tukaenda hatua kumi, askari akatusimamisha. Akaandika kosa kwa jina la Shangazi, maana mwalimu ndiye hubeba kosa la mwanafunzi: kuzuia magari bila sababu ya msingi.

"Afande, sababu si ile pale, imeandikwa kwa herufi kubwa?"

"Mama, kila mtu anajua kile kibao hakifanyi kazi."

"Nani aliwatangazia?"

Afande akajibu kwa kalamu.

Nyumbani wote tukamshauri kwa sauti moja: kubali yaishe. Hiyo ndiyo sala ya mji huu. Mume wake akasema, "Mke wangu, utakiri dakika moja, chai utainywa hapa." Shangazi akatoa fomu ya kuhuisha kibali chake cha ukufunzi, akaweka kidole kwenye swali la nane: Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la barabarani? Jibu likiwa ndiyo, kibali kinafutwa.

"Nikikubali yaishe," akasema, "nitakayeisha ni mimi."

Mahakamani palikuwa na mistari miwili. Wa wanaokubali ulifika nje getini na ulikwenda mbio. Jamaa mmoja alikiri kuendesha bila taa za nyuma, alipokuja nje akaniambia hana gari, alimsindikiza shemeji yake tu, lakini aliona mstari unatembea. Mstari wa wanaokataa ulikuwa Shangazi na mkoba wake.

Aliomba kibao chenyewe kiletwe kama kidhibiti. Vibarua wawili wakakibeba na tairi lake, wakahema, wakakitua pale walipochoka: mlangoni. Uso mwekundu ukaangalia nje, barazani, walikongoja mashahidi.

Karani akaita jina la askari. Akaita tena. Hakimu akavua miwani. "Shahidi wa mashtaka yuko wapi?"

Tukageuka wote. Afande alikuwa mlangoni, kofia kwapani, miguu pamoja, amenyooka kama rula. Karani akaangalia saa: tangu jina liitwe ni dakika tatu.

"Afande, unangoja nini hapo?"

"Mheshimiwa, ninangoja kuruhusiwa." Akakitupia kibao jicho. "Kimeandikwa nisimame."

Mstari wa wanaokubali ulicheka mpaka mmoja akasahau kukubali. Shangazi hakucheka. Alinyanyuka, akashika mkoba kwa mikono miwili.

"Nina swali moja, mheshimiwa. Afande, mwanangu, hicho kibao kina mtu?"

Afande akakitazama kibao. Sasa ndipo akakitambua. Niliiona shingo yake ikishuka ndani ya kola.

"Hakina, mama."

Kesi ikafutwa. Shangazi akaijaza fomu palepale kwenye benchi, swali la nane, hapana, kwa mwandiko wa kukazia mpaka karatasi ikatoboka.

Lakini serikali haipotezi mali yake. Hakimu aliamuru kidhibiti kirudishwe kilikotolewa, katika hali kiliyokutwa nayo, na afande ndiye asimamie. Jioni tukamkuta pale nyuma ya maghala, akizunguka tairi na karatasi ya amri mkononi. Akatusogelea dirishani, mpole kabisa.

"Mama, uso mwekundu ulikuwa unatazama wapi?"

Fundi cherehani akamkonyeza Shangazi kwa nguvu zote: kijani, sema kijani! Dereva wa lori, aliyekuwa nyuma yetu kwa bahati yake mbaya, akatoa kichwa nje, viganja vimeunganishwa kama anaomba mvua.

"Ulikuwa unatutazama sisi," Shangazi akasema. "Siwezi kudanganya, niliapa leo asubuhi."

Afande akakigeuza. SIMAMA.

Nikajua leo tutalala hapa. Shangazi akafunua kitabu, akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa, akakifunga.

"Hakuna kifungu kinachokataza kupita njia nyingine," akasema. "Fundi, indiketa ya kushoto. Tunarudi."

Lori likageuka nyuma yetu, na nyuma ya lori foleni nzima, kila mmoja na indiketa yake.