Sahani ya Mazal kwa Mfiwa

Katika jengo letu la Bnei Brak, mji wa Israeli, Purimu bila Freida haikuwa Purimu. Siku hiyo ya sikukuu ya Kiyahudi kila mtu hupelekea jirani chakula, aina mbili angalau, tayari kuliwa. Sisi wengine tulipeleka biskuti na chupa ya divai, tukaona tumemaliza. Freida, mshona mapazia wa ghorofa ya tatu, alikuwa anakuwazia wiki nzima. Fundi viatu alipata mikate yenye umbo la viatu, na kamba za sukari. Mimi, nisiyejua kufunga mdomo, aliniletea samaki wa mkate aliyeachama, kajazwa zeituni. Nilinuna siku mbili, kisha nikamla mzima.

Mwaka huu mama yake alikuwa amefariki. Kwa watu wa kwao, Wayahudi waliotoka Ulaya, aliyefiwa na mzazi hupeleka kama kawaida, lakini yeye haletewi kitu mwaka mzima. Basi Freida akapeleka sahani kumi na tisa, akabaki na meza tupu. Kilichomuuma si hicho. Wiki tatu alikuwa akijaribu kuoka masikio ya Hamani, zile biskuti za pembetatu, kama alivyooka marehemu, na kila sinia liliishia kwa njiwa. Ladha ilikataa katakata, na mama yake hakuandika popote.

Adhuhuri, Mazal wa ghorofa ya chini, mjane ambaye wazazi wake walitoka Iraki, akanikabidhi sahani iliyofunikwa. Zawadi hizi hupelekwa kwa mkono wa mtu mwingine, na asiye na kazi ni mimi. Nikamuuliza kama amesahau kuwa Freida ana msiba. Akasema kwao mfiwa hupelekewa kama watu wote.

Freida alipofungua mlango, mikono imejaa unga, akaiona, uso ukambadilika.

"Irudishe. Mwambie Mazal msiba wangu si wa kuchezea."

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimwambia sikupanda ngazi zote zile na goti hili ili nishuke na mzigo uleule, nikafunua kitambaa mwenyewe. Masikio ya Hamani sita, kila moja limeachwa pembe moja wazi. Freida akachukua moja, akauma, akatafuna polepole mno. Mbegu za popi, asali, na ganda la chungwa lililounguzwa kidogo.

"Kayajulia wapi haya?"

Ilibidi nimwambie, maana jengo zima tulijua isipokuwa yeye. Miaka miwili ya mwisho, Freida akiwa kazini, mama yake alikuwa akishuka kwa Mazal kukanda unga. Upweke ulimshinda.

"Purimu iliyopita aliniita nione anavyokunja," Freida akasema. "Nilikuwa nakata mikate ya viatu vya fundi. Nikamwambia, mwakani, Mama."

Akalia palepale mlangoni, na unga bado mikononi.

Kisha akajifuta uso, akashuka. Nilimfuata, goti likinilaani. Mazal alikuwa jikoni. Freida akasimama mbele yake kama mtoto aliyechelewa shule.

"Nifundishe, dada."

Mazal alivuta kiti kilichokuwa dirishani, chenye mto wa bluu.

"Kaa hapo," akasema. "Ndipo alipokuwa anakaa akikungoja utoke kazini."