Tulitoka Nyumbani Watatu

Nilimwambia rafiki yangu ajifiche ndani ya maji, chini ya magugu, na aliponiuliza, "Na nikikwama?" nikamjibu, "Ukikwama tutakuletea chakula huko huko." Tukacheka wote wawili. Halafu siku ilipofika, akaingia. Huo ndio ujinga nilioufanya, na nauweka hapa juu kabisa kwa sababu kuna mtu aliyenipangia mahali pa kuanzia. Wizi utaukuta mbele. Samaki pia.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Kwao rafiki yangu na kwetu ni ploti moja, hapa Silanga, Nairobi, mlango kwa mlango, hivi kwamba mama yake akikaanga vitunguu sisi ndio tunatoa machozi. Wiki hiyo mjomba wake alikuwa amekuja kuwatembelea kutoka Pwani. Kazi ya huyu mjomba ni kuwapeleka watalii baharini. Asubuhi kuna boti yenye kioo chini, mgeni anaangalia samaki kama anaangalia televisheni. Mchana kuna kupiga mbizi. Mwenye moyo anapelekwa kuvua samaki wakubwa huko mbali, mahali ambapo, alivyotuambia, ukigeuka huoni nchi kavu tena. Alizaliwa Magharibi kama sisi wengine, lakini Pwani ilikuwa imemwingia mpaka kwenye ulimi. Sisi tukimwambia, "Sasa anko," yeye anasimama kabisa.

"Hivyo ndivyo mnavyosalimia wakubwa? Semeni shikamoo."

Tulisema shikamoo. Tuliisema kama watu wanaong'olewa jino.

Kilichotuchekesha zaidi ni kwamba alikuwa anahesabu watu. Kila mahali! Tukitoka kwenda soko la Toi, ananyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu. Tukirudi, tena. Hata tukikaa kula.

"Anko, kwani tutapotelea wapi?" rafiki yangu akamuuliza. "Hizi ni chapati tu."

"Baharini unahesabu vichwa ukiondoka, na unahesabu ukirudi," akasema bila kutabasamu. "Hesabu ikikataa, hakuna anayecheka mpaka ikubali."

Kuanzia siku hiyo tukawa tunahesabiana kwa sauti yake mpaka kwenye foleni ya choo.

Pengine tungemwachia hapo. Lakini jioni moja, akiwa ameshiba, alitoa miwani yake ya kuzamia na mrija wa kupumulia, mrija wa njano, akatuonyesha kama askofu anavyoonyesha pete. Akasema, "Nyinyi watu wa bara maji mnayajua ya mtungi. Mkiona yamezidi ndoo mnaanza kuomba Mungu."

Hiyo iliniuma. Manze, si sisi pia tuna maji? Bwawa liko hapo chini, ukitoka nyuma ya ploti unalikanyaga. Ni kweli ukiliangalia kwa mbali utadhani ni uwanja wa mpira uliotunzwa vizuri, kwa sababu magugu maji yamelifunika kote. Nimewahi kuona mbuzi akitembea juu yake hatua nne kabla hajajua amedanganywa. Lakini kuna mahali palipo wazi, kama ukubwa wa vyumba viwili vyetu, na jamaa mwenye shamba la sukuma wiki pale kando ana chombo cha kufika huko: mlango wa mbao wa zamani, umefungwa juu ya mitungi minane ya plastiki. Anautumia kuchota maji ya kumwagilia.

Basi tukaamua kumwandalia anko utalii. Boti ni mlango. Kuvua ni uzi na ndoano. Na mzamiaji ni rafiki yangu, ila mteja, yaani anko, hakupaswa kujua yuko majini. Angejificha ukingoni mwa magugu, akiwa na miwani na mrija wa mjomba mwenyewe, ameshika samaki. Uzi ukishuka anamtundika, anavuta mara tatu, anarudi mafichoni. Aliniapia anajua kuogelea. Alijifunza ushago, kijijini kwao, mtoni, wiki mbili.

Samaki nilimtoa kwa mama. Mama yangu anakaanga samaki hapo njiani, na siku hiyo, Jumamosi, alikuwa amemtenga mmoja mkubwa wa mteja fulani. Alipoenda kununua makaa, samaki akaingia kwenye mkoba wangu wa shule, akalala juu ya kitabu cha Fizikia.

Alasiri tukatoka nyumbani. Mmoja, wawili, watatu. Tulipofika kwenye kona ya mashamba, rafiki yangu akashika tumbo, akajikunja, akasema lazima arudi. Alijikunja vizuri sana, nilitaka kumpigia makofi. Tulivyopanga, akazunguka kwa nyuma na mkoba wangu niliokuwa nimempa abebe, akaingia majini kabla hatujafika.

Pale kwenye mlango anko akanyoosha kidole. "Mmoja, wawili. Tumsubiri wa tatu."

"Anko, anaharisha. Tumbo hilo halina ratiba."

Akacheka. Akapanda. Sasa nikikaa nafikiria hilo tu: mtu ambaye hajawahi kuondoka na hesabu pungufu aliondoka nayo kwa sababu mimi nilimchekesha.

Nikausukuma mlango kwa mti mrefu mpaka pale penye maji. Nikaanza kuigiza maneno yake mwenyewe. "Mabibi na mabwana, karibuni chomboni. Tafadhali msiguse matumbawe. Upande wa kulia mtaona pomboo." Upande wa kulia kulikuwa na kiatu cha mpira. Anko alicheka mpaka mlango ukatikisika, mitungi ikalia. Nilikuwa nimejionea mrija wa njano ukiwa umesimama katikati ya magugu, nikamgeuza anko ampe mgongo.

Akashusha uzi. Tukangoja kidogo. Uzi ukavutwa: moja, mbili, tatu.

"Wewe!" anko akapiga kelele. "Kuna kitu!"

"Si nilikuambia? Nairobi iko na kila kitu!"

Akavuta. Samaki akatoka, mkubwa, anameta. Nikaanza kucheza dansi pale pale juu ya mlango. Nikapiga mluzi, nikaimba, nikacheka kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa Lindi. Ilichukua muda nigundue kwamba nacheka peke yangu.

Anko alikuwa amemshika samaki kwa mikono miwili, anamgeuza. Samaki hakuwa na magamba. Hakuwa na matumbo. Kila ubavu ulikuwa na mikato mitatu ya kisu, na ndani ya mikato kulikuwa na chumvi. Naapa sikuwa nimewaza kuhusu mikato. Tangu nizaliwe nimewaona samaki wa mama wakiwa na mistari mitatu kila upande, na kwangu hivyo ndivyo samaki alivyo.

"Anko," nikasema, "samaki wa huku hujitayarisha wenyewe."

Hakucheka. Alikuwa anauangalia uzi, mahali ulipoingilia majini.

"Nani amemtundika huyu?"

"Ni bwawa tu, anko."

"Yule mwingine yuko wapi?"

"Si nilikuambia ako choo?"

Hilo jibu nalo nililisema nikicheka. Nikageuka kumwangalia rafiki yangu, nimkonyeze atoke sasa, mchezo umeisha. Mrija wa njano ulikuwa pale pale. Ila ulikuwa umelala. Ulikuwa unaelea juu ya maji kwa ubavu, peke yake, bila mtu.

Sijui niite nini kilichonipata. Mdomo wangu ulibaki wazi katika umbo la kicheko. Nilinyoosha kidole. Kunyoosha kidole ndiyo kazi yote niliyofanya siku hiyo kumwokoa rafiki yangu.

Anko alikuwa ameshavua shati. Alikuwa anakunja magoti aruke ndani ya yale magugu, na hapo sauti ikatoka ukingoni.

"Usiruke! Usiruke hapo, mizizi itakufunga!"

Ilikuwa mama. Alikuwa amefuata samaki wake. Dada yangu mdogo alikuwa ameniona na mkoba nikielekea bwawani na hajui kunyamaza, Mungu ambariki. Mama bado alikuwa na kijiko cha kugeuzia samaki mkononi. Akakitupa. Akakaza leso kiunoni, na mama yangu, ambaye mimi maji nimemwona akiyagusa kwenye beseni pekee, akalala kifudifudi juu ya magugu, mikono ameitandaza kama mtu kwenye godoro, akaanza kujivuta juu yake. Yakambeba. Nilijua alizaliwa kando ya ziwa, lakini kwangu hilo lilikuwa jambo la kitambulisho tu, kama jina la lokesheni.

"Wewe pitia penye wazi, uende chini," alimwambia anko, kwa sauti ya kuagiza unga dukani. "Mimi natoka juu. Usipige teke. Mizizi ing'oe kwa mkono, polepole."

Anko akateremka kutoka kwenye mlango taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi, akapotea. Mama akafika kwenye mrija, akapasua magugu, akaingiza mkono mpaka begani. Kisha kichwa. Kisha sikuona mama tena.

Nikabaki peke yangu juu ya mlango. Nikaanza kuhesabu, sijui kwa nini. Nilifika mahali nikasahau namba inayofuata. Mwalimu wa Fizikia amenifundisha vizuri kuhusu vitu vinavyoelea. Samaki alikuwa karibu na mguu wangu, mdomo wazi, akiniangalia.

Mama ndiye alitoka kwanza, mizizi imemfunika uso, akivuta kitu kwa nguvu zote. Ulikuwa mkono. Anko akamsukuma kutoka chini. Walipomlaza rafiki yangu kwenye mlango alikuwa na rangi ya majivu ya jiko, na mguu wake mmoja ulikuwa umezungushwa mizizi kama kamba ya kufungia mzigo. Miwani ilikuwa imeshuka shingoni. Anko akampulizia mdomoni. Akapuliza tena. Nikaona kifua kinapanda halafu kinalala, kinapanda halafu kinalala, na kila kikilala nilijua sasa basi.

Ndipo akakohoa. Maji meusi yakamtoka mdomoni na puani, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, na tumekua pamoja.

Anko, akitoka maji mwili mzima, akanyoosha kidole. "Mmoja. Wawili. Watatu." Akamfikia mama. "Wanne." Hesabu ilikuwa imekubali. Lakini hakuna aliyecheka hata hivyo. Anko alikaa chini akafunika uso kwa shati lake.

Kisha akambeba rafiki yangu mgongoni hadi zahanati. Wakamsikiliza kifua, wakasema alale hapo waendelee kumwangalia. Mimi nilisimama kando ya kitanda nikitafuta neno. Mimi! Ambaye darasani nafukuzwa kwa ajili ya maneno.

Rafiki yangu ndiye aliyeongea. Sauti ilikuwa imekauka.

"Nilimtundika," akasema. "Nilipovuta uzi mguu ulikuwa umeshashikwa. Nikafikiri nikivuta sana utajua."

"Nilifikiri ni mchezo wetu tu," nikasema.

"Nilikuwa nakusikia, buda. Huko chini kunasikika. Ulikuwa unacheka."

Akageukia ukutani.

Giza lilikuwa halijaingia tuliporudi kwenye ploti. Mama yake rafiki yangu alikuwa bado hajafika. Anauza nguo Toi, na simu yake ilikuwa imezima tangu mchana. Anko alikuwa amebaki zahanati. Alikuwa amesema atamweleza dada yake mwenyewe, lakini mama yangu akamkatalia. "Wewe kaa na mtoto," akamwambia. "Kuna mtu wa kueleza."

Mama alikaa kwenye kigoda nje ya mlango wetu, akiosha matope miguuni. Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Samaki alikuwa kwenye sahani kando yake, na hakuna aliyejua afanyiwe nini.

Mimi nilikuwa nafanya mazoezi kichwani. Mama ya rafiki yangu hunicheka sana. Husema mimi ni dawa ya miguu yake ikirudi imechoka. Nikafikiri, nitaanza na samaki. Samaki ametoka majini akiwa na chumvi, anko amemshika hivi. Atacheka kidogo. Akishacheka, nitamteremsha polepole mpaka kwenye lile lingine. Nikajikuta nayasema kwa sauti, na mikono inaonyesha ukubwa wa samaki.

Geti likalia. Tukasikia akitua gunia lake la nguo, akisalimia watu, akiuliza mbona ploti imenyamaza hivi.

Mama akamwaga maji ya beseni. Akanishika mkono ule uliokuwa ukionyesha ukubwa wa samaki, akaushusha.

"Mwambie mtoto wake alikuwa chini ya maji na wewe ulikuwa juu unacheka," akasema. "Anza hapo. Usianze na samaki."