Boriti za Mikoko

Fundi seremala anayetujengea baraza la ofisi hapa Kibiti hasemi ovyo. Kila alasiri huweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi, akatulia, kisha huchora mstari wa chaki pale jua lilipofika. Kampuni inataka kivuli kipoze vyumba ili viyoyozi vizimwe, naye anataka kivuli hicho kiwe cha haki. Vidole vyake vimejaa makovu, na kabla ya kukata mti wowote hukwangua gome kwa ukucha na kulinusa. Jumanne gari lilileta mzigo wa kwanza wa boriti za mikoko kutoka deltani, mto unapokutana na bahari. Alikwangua moja, akaweka msumeno chini.

"Hizi sizigusi, bosi."

"Unachagua miti kama mchumba?" Meneja wetu, Bwana Fikirini, alicheka. "Kibali ninacho."

"Kibali umepewa wewe. Mikoko ikiisha, maji ya chumvi yataingia kwenye mpunga wa watu wa Mbwera kule deltani, na hayatauliza kibali. Utapozaje ofisi yako kwa kuunguza shamba la mwenzio? Nipe mivinje, ile iliyopandwa ili ikatwe."

"Basi nitatafuta fundi mwingine."

"Haya, bosi."

Alikusanya vifaa bila haraka, akifuta patasi moja moja, akatuaga sote kwa mkono na kuelekea getini. Sisi makarani tuliinamia mafaili yetu, na hiyo ilikuwa aibu yetu.

"Fundi!" meneja aliita. "Hiyo mivinje inapatikana wapi?"

Fundi aligeuka, lakini hakurudi hata hatua moja. "Kwanza mpigie dereva asilete mzigo wa pili."