Kadi ya Baba na Basi la Kanisa

Juzi binti yangu alinipitisha kwa gari mbele ya iliyokuwa ofisi ya wakili wetu, hapa mtaani kwetu Alief, Marekani, nikamwomba apunguze mwendo. Kibao kimeng'olewa. Siku hizi wanauza nywele za bandia. Nikakumbuka harufu ya maharage ya mama.

Ngoja nikueleze. Utotoni kwetu Kigoma, baba alitunza kadi yake ya chama ndani ya kopo la majani ya chai. Siku ya kuchuja wagombea alivaa koti, akaingia ukumbini. Mama hakuwa na kadi. Alikaa nje na wenzake wakiambua maharage mabichi, wakicheka kila makofi yaliposikika. "Wao wanachagua bwana harusi," alisema, "sisi tutapika pilau." Nilikaa miguuni pake nikichezea maganda. Niliipenda sana siku ile, wala sikuona ubaya wake.

Wakili alikuwa mama wa Kimarekani. Mwaka 2017 alinijazia fomu za uraia, bakuli la karanga likiwa kati yetu. Nilimfundisha shikamoo, akawa ananiamkia kwa kelele kama muuza samaki. Mwaka uliofuata aligombea ubunge wa jimbo. Novemba, sote tuliokwisha kuapa uraia tulimpigia kura, akashinda. Hata baada ya kwenda bungeni Austin, mji mkuu wa jimbo letu, Jumamosi alirudi kuwasomea na kuwajibia barua za serikali majirani zangu Warundi.

Machi 2020, Jumapili moja, alitukuta nje ya kanisa. Kuna mtu wa chama chake alitaka kiti kile.

"Mzee, Jumanne ni kura za mchujo. Niletee watu kwa basi la kanisa. Bila ninyi nimekwisha."

"Usijali, mwanangu."

Alipoondoka, jirani yangu anayefanya kazi hotelini akaniuliza, "Babu, nibadilishe zamu Jumanne?"

"Kadi ya chama unayo?"

"Kadi gani tena?"

"Basi kafanye kazi. Hizo ni kura za wanachama. Zamu yetu Novemba."

"Sasa mbona ametuita?"

"Katuita tumpigie makofi!"

Wakacheka wote. Pale mimi ndiye niliyehesabiwa msomi, nimemaliza kidato cha nne. Moyoni sikuwa na hakika, ila niliona aibu kumpigia wakili simu kumuuliza. Jumanne basi likashinda limeegeshwa.

Alishindwa kwa kura chache mno; watu wa basi lile moja wangetosha kumwokoa. Nikaenda ofisini kwake kuungama. Alinisikiliza, akanisogezea bakuli la karanga.

"Mzee, huku hakuna kadi; mpiga kura yeyote anaruhusiwa kuchuja. Ungeniuliza tu."

Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Muhula wake ulipokwisha alifunga ofisi, akahamia Dallas kuendelea na uwakili. Majirani zangu sasa barua zao wanazisoma wenyewe, kwa kubahatisha.

Mama alibaki nje kwa sababu mlango ulikuwa na bawabu. Huku mlango ulikuwa wazi, na bawabu nikawa mimi.