Meno Yaliyoandika Kifafa

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mashine. Niliosha vichwa. Kliniki ile ya Kitui mjini ilikuwa na chumba kimoja cha kupima umeme wa ubongo, na msimamizi wake aliamini kwamba anayeshindwa kusugua mafuta ya nywele hawezi kusoma wimbi. Wagonjwa walikuja wamefumua nywele. Niliwasugua, nikapima kichwa kwa utepe, nikatia alama kwa penseli, kisha nikabandika vikombe, yaani visahani vidogo vya chuma vyenye waya.

"Mashine hii haijui kama mtu ni mpole au mkorofi," msimamizi aliniambia. "Mtu akikuomba umsomee tabia ya mke wake hapa, mfukuze. Na ndugu wote wakae nje."

Alinifundisha kwa kunionyesha. Vitabu nilijinunulia, kimoja kimoja. Nilijifunza kwamba mtu aliyetulia akifumba macho, kisogoni hutokea mawimbi ya taratibu, kama kumi kwa sekunde, yanayoitwa alfa. Kwa mwenye wasiwasi mara nyingi hufifia. Siku moja alinifanya niume meno, na skrini ikajaa miiba kwenye mistari ya juu ya masikio.

"Hiyo ni misuli ya taya," alisema. "Usije ukaiita ubongo. Kifafa nacho huchora miiba."

Baada ya miaka kadhaa nilihamia hospitali ndogo upande wa Makueni, chini ya daktari wa mishipa ya fahamu aliyekuja kila Alhamisi. Siku nyingine nilikuwa peke yangu na mashine. Hapo ndipo nilipoona kwamba mtoto akiwa na mama yake kando, alfa hutokea mapema. Watu wazima vilevile. Nikaivunja sheria ya Kitui, nikaweka yangu: ndugu mmoja aingie, akae karibu na kichwa, amshike mgonjwa mkono. Vipimo vikawa safi zaidi. Daktari akanisifu, nami nikaamini nimegundua jambo kuhusu binadamu.

Kisha akaja Mama Kalondu, mpishi wa shule karibu na Mbumbuni. Alikuwa ameanguka mara mbili kando ya moto, na mwalimu mkuu alitaka barua ya daktari kabla ya kumruhusu kurudi jikoni. Aliletwa na mume wa binti yake, Musyoka, muuza vipuri wa Malili.

"Ingia, mshike mkono," nikamwambia Musyoka.

Akasita. Kwetu Ukambani kuna nthoni, heshima ya kujitenga: mama na mume wa binti yake hawaketi karibu, sembuse kugusana.

"Ama bado mnafuata yale?" nikamtania.

"Aii, sista, sisi tumeokoka! Hayo tuliwacha. Si ndio, mama?"

"Tuliwacha," Mama Kalondu akajibu, akiitazama dari.

Dakika thelathini nzima, alfa haikutokea. Miiba ilijaa juu ya masikio yote mawili. Kwa kuwa ndugu alikuwa amemshika mkono, wasiwasi niliuondoa akilini; kilichobaki nilidhani ni ugonjwa. Nikaandika pembeni, kama kawaida yangu ya wakati huo, "mkwe yupo, ameshika mkono", nikampelekea daktari. Akasoma kifafa. Mama Kalondu akaanzishiwa dawa asubuhi na jioni. Shuleni wakampa ufagio, mwiko akapewa mwingine.

Miezi mitatu baadaye alirudi na binti yake. Alfa ilitokea kabla sijakaa vizuri. Hakukuwa na mwiba hata mmoja.

"Dawa inafanya kazi," daktari akasema.

Walipotoka nje nikaweka vipimo viwili ubavu kwa ubavu, nikasoma yale niliyoandika pembeni. Nilikuwa nikitazama miiba ileile niliyoitoa mimi mwenyewe kwa kuuma meno Kitui. Nikamfuata Mama Kalondu kwenye benchi.

"Mwaitu," nikamwita kwa heshima, kama mama yangu, "siku ile Musyoka amekushika mkono, ulijisikiaje?"

Alicheka hadi akajifuta macho kwa leso. "Mwanangu, mimi nimeokoka. Lakini meno yangu bado. Niliyauma mpaka nikatamani kulia."

Nikarudi kwa daktari.

"Unataka nisimamishe dawa kwa sababu ya mambo ya wakwe?" akauliza.

"Hapana, daktari. Nataka usome tena kipimo cha kwanza, ukijua ni meno. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemweka yule mkwe pale."

Alisoma. Akavua miwani. Wiki iliyofuata, kwa idhini ya Mama Kalondu na Musyoka, tulimpima tena, daktari akiwa kwenye skrini. Alfa ikatiririka. Nikamwita Musyoka asimame mlangoni tu. Mawimbi yakafifia palepale, miiba ikaota.

Musyoka aliona nyuso zetu. "Kwa hivyo mama hanipendi?"

"Nakupenda sana," sauti ikatoka kitandani. "Nakupenda ukiwa huko nje."

Kipimo safi peke yake hakikanushi kifafa, kwa hiyo daktari alianza upya kumchunguza. Alikuta dawa zake za presha zilikuwa kali mno: akiinama kuchochea kuni kisha akiinuka ghafla, damu ilichelewa kufika kichwani, akaanguka. Zilipunguzwa. Za kifafa ziliondolewa kidogokidogo. Muhula uliofuata Mama Kalondu alirudi kwenye sufuria zake, na hajaanguka tena.

Nimestaafu mwaka huu, macho yakiwa yamechoka. Kijana akiniuliza kazi hii ilinifunza nini, humwambia kwamba upendo una umbali wake, na ubongo huujua hata mdomo ukikana. Hilo hulisema kwa utulivu. Lingine hunishinda. Kabla ya kuondoka nilifungua mafaili ya zamani nikitafuta wakwe wengine. Miaka ya mwanzo ya sheria yangu, sikuwa na mazoea ya kuandika aliyekaa kando ya mgonjwa. Mistari ipo, miiba ipo, na pembeni ni peupe. Pengine kuna mtu, huko Kabati au Mbumbuni, anayemeza kidonge cha kifafa leo jioni kwa sababu yangu, na sina njia ya kumjua.