Nilifanya kazi ya barabara kwa jina la Mama Furaha kwa sababu niliwahi kuwa mwanajeshi

Wakuu, salamu kutoka Kivu ya Kaskazini.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Nasoma nyuzi za watu wanaosaka ajira, nacheka, nasikitika, nazima simu. Leo acha na mimi niseme yangu. Sitaongeza chumvi, na yale yaliyoniaibisha sitayaruka. Kiswahili chetu cha huku mtanivumilia. Shule yangu iliishia sekondari na ilikuwa ya Kifaransa.

Mimi ni mzaliwa wa Buleusa, Walikale. Nina miaka arobaini na kitu. Nilivaa sare ya jeshi la taifa miaka kumi na moja, karibu yote katika kikosi cha génie, yaani wale wanaotengeneza madaraja na kufungua barabara ili wengine wapite. Bunduki nilikuwa nayo, sikatai. Lakini siku nyingi nilichoshika ni sururu.

Nilipotoka jeshini nilipewa karatasi yangu ya démobilisation, yaani ya kurudishwa uraiani, nikaanza kuzunguka. Miguu yangu haipendi kukaa. Nimebeba mizigo kwenda kwenye machimbo, nimeuza mafuta ya mawese, nimechoma matofali. Kila nilipofika nilikumbuka Buleusa, na kila nilipofika Buleusa nilikumbuka njia. Ndivyo nilivyo.

Mke wangu akachoka. Safari ile naondoka kwenda Mweso, upande wa Masisi, aliniambia mlangoni, "Papa Déo, hii njo mara ya mwisho. Ukikosa kazi ya kuandikwa jina, rudia tulime. Mimi siko mujane."

Kazi ya kuandikwa jina. Shikeni hapo, maana ndiyo niliyokuwa naitafuta. Kibarua cha leo na kesho nilikipata kila mahali. Nilitaka kazi ambayo mwisho wake unapewa karatasi inayosema fulani alifanya kazi hapa, alifanya vizuri. Nipate pa kuanzia, nilete familia.

Mweso nikapanga chumba jirani na mama mmoja mjane, Mama Furaha.

Ombi la kwanza lilikuwa la ulinzi wa depo ya shirika moja, jina naliacha. Niliandika ukweli wote kwenye CV. Yule papa wa ofisi alisoma, akafika kwenye neno jeshi, akaweka kalamu chini.

"Kaka, uliua batu wangapi?"

Nikamwambia, "Papa, mimi nilikuwa naweka miti ku madaraja."

Akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mlevi. "Sawa. Tutakuita."

Hawakuita.

Jamaa mmoja akanishauri niondoe jeshi kwenye CV. Nikaondoa. Ombi la pili, kwa mfanyabiashara wa mbao, kijana akahesabu miaka kwa kidole. "Na hii miaka kumi na moja ulikuwa wapi? Mu pori?"

Mnaona? Ukisema ulikuwa mwanajeshi, wewe ni muuaji. Ukinyamaza, wewe ni wa porini. Nilitoka pale nikakaa juu ya jiwe, nikatazama milima ya Masisi, imefunguka, ng'ombe juu kama punje za mahindi. Kwetu miti inafunika hata mvua. Nikatamani nyumbani vibaya sana.

Ndipo likatangazwa zoezi la kutengeneza barabara kwa mikono. Huku kazi za namna hiyo zina utaratibu wake. Mradi unaleta ingénieur, yaani mhandisi, na vifaa, lakini wafanyakazi wanachaguliwa na comité ya mtaa, na orodha inasomwa mbele ya watu wote. Kila aliyechaguliwa anapimiwa kipande chake cha kuchimba, kinaitwa tâche. Ukimaliza tâche yako, siku yako imeisha.

Nilijiandikisha. Siku ya kusoma orodha, mkubwa wa comité, sisi tulimwita Papa Président, alifika kwenye jina langu akasimama. Akanitafuta kwa macho.

"Huyu ni wa Walikale. Tena ni mwanajeshi. Kazi ni ya batoto ba hapa."

Akachora mstari. Mbele ya watu. Kuna waliocheka.

Nilirudi chumbani nikaanza kufunga begi.

Mama Furaha, yeye jina lake lilipita. Lakini wiki ileile mguu wake ulivimba, hauwezi kukanyaga. Sheria ilikuwa kwamba mgonjwa anaweza kutuma mtu, ila awe ndugu wa nyumba moja. Akaja mlangoni kwangu na fimbo.

"Papa Déo, begi inaenda wapi?"

"Buleusa."

"Itaenda kesho. Leo enda unitumikie. Tutagawana. Ukikatala, mimi bananikata ku orodha, na nitakufa na njaa, na utanizika weye."

Nikaenda.

Asubuhi pale barabarani kuna kijana wa kuita majina, tunamwita pointeur. Akaita, "Mama Furaha!"

Wakuu, mtu aliyeishi jeshini miaka kumi na moja akisikia orodha ya majina, mwili unajibu wenyewe. Nilibana visigino, nikatoa kifua, nikapiga sauti kama naitika afande: "Présent, mon adjudant!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nina ndevu, na nina sauti ya ng'ombe dume. Pointeur alijua mimi si ndugu wa yule mama, akafumba macho, na tangu siku hiyo nikawa Mama Furaha. "Mama Furaha, uliamuka muzuri?" "Mama Furaha, batoto bamekula?" Nilicheka nao. Ndani iliniuma, sitadanganya, lakini nilicheka.

Sasa sikieni kuhusu kazi yenyewe.

Tâche zilikuwa za kuchimba mifereji kando ya barabara. Kila mtu alianza juu kwenye mteremko, karibu na nyumba, anashuka. Ni rahisi, na kazi inaonekana haraka. Mimi nilifundishwa kinyume. Unaanza chini kabisa, pale maji yatakapotokea, unayafungulia mlango kwenda bondeni, halafu ndipo unachimba kupanda. Mvua ikikukuta katikati ya kazi, maji yana pa kwenda.

Walinicheka. "Mama Furaha anachimba kaburi ya nani kule chini?"

Mvua ikaja wiki ya tatu. Ya Masisi, mnaoijua mnaijua. Kesho yake mifereji yao ilikuwa mabwawa, maji yamerudi juu ya barabara yamekula udongo mpya wote. Kipande changu kilikuwa kimekauka.

Ingénieur alifika na pikipiki, matope mpaka magotini. Akatembea kipande kwa kipande, amekunja uso, Papa Président akimfuata nyuma. Akafika kwangu, akashuka mpaka chini kwenye mlango wa maji, akakaa pale kitambo. Akapanda.

"Hapa ni kwa nani?"

Pointeur akasoma. "Mama Furaha, ingénieur."

"Niitie ule mama."

Kicheko. Mimi nikasogea mbele na ndevu zangu. Pointeur akaninong'oneza haraka, "Sema uko shemeki yake."

Nikasita, wakuu. Neno moja tu, shemeki, yaani shemeji, na hakuna ambaye angeumia. Nikisema ukweli, mimi naondoka na Mama Furaha anakatwa. Lakini nilikuwa nimechoka kuondoa vitu kwenye maisha yangu ili watu wanikubali. Nimeondoa jeshi, nimeondoa jina. Nikaona nikiongeza na uongo huo, sitabaki na kitu.

"Mimi siko ndugu yake," nikasema. "Niko jirani. Naitwa Déo, niko démobilisé. Jina yangu ilikatwa ku orodha. Mama iko na mguu, njo nikamutumikia."

Na pale nyuma, sijui alikuwa amefika saa ngapi, Mama Furaha akapasua watu kwa fimbo yake.

"Ingénieur, mimi njo nilimutuma. Kama kuko kosa, ni huyu mguu ilifanya. Mukate yeye!"

Ingénieur hakucheka. Alimgeukia Papa Président. "Kwa nini mulikata jina ya huyu papa?"

"Ni mwanajeshi. Tena si wa hapa. Population haitakubali."

"Kuanza kuchimba chini, nani alikufundisha?" Ingénieur aliniuliza mimi.

"Jeshi," nikajibu.

Akawatazama wote waliosimama pale, wameshika majembe, wameloa. "Population ni nyinyi. Munakatala?"

Mama mmoja ambaye kila siku alikuwa ananitania kuliko wote akatema mate pembeni. "Kukatala nini? Shimo yangu imejaa maji, nitachimba mara ya pili. Abakie, atuonyeshe." Mwingine akaitika, "Abakie!" Wakaitika wengi. Wachache walirudi kwenye mashimo yao.

Ingénieur akasema Mama Furaha abaki na nafasi yake, apewe kazi ya kukaa mpaka apone. Na mimi niandikwe chef d'équipe, yaani msimamizi wa kikundi, wa mteremko ule. "Andika sasa hivi," akamwambia Papa Président. "Hapa, tuone."

Papa Président akatoa kalamu mfukoni. Aliandika polepole sana, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe. Kisha akasoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo desturi ya orodha ile. Jina langu lote, la baba na la ukoo.

Nilikuwa mtu mzima, nimeona mengi, lakini nilibana visigino tena, nikaitika: "Présent!"

Kazi iliisha vizuri. Karatasi nilipewa, ina muhuri, na kwenye CV yangu leo jeshi limerudi mahali pake, halafu chini yake chef d'équipe. Kazi iliyofuata, upande wa Kibabi, waliniuliza nilijifunzia wapi. Swali hilo tu. Nilitaka kumkumbatia aliyeniuliza.

Papa Président hajawahi kuniomba msamaha. Tukikutana ananisalimia "mwanajeshi", namwitikia. Na barabara ile, kwa hali ya usalama ya huku, sijui leo inapitwa na nani. Mke wangu na watoto walikaa na mimi Mweso karibu mwaka, kisha tukarudi Buleusa sote. Usingizi wangu sasa ni mzito.

Nilichojifunza: nilipojificha nilipata kibarua, niliposema mimi ni nani ndipo nikapata kazi. Sisemi itakuwa hivyo kwa kila mtu. Ingénieur mwingine angetufukuza wote wawili. Lakini ule mzigo wa kuogopa CV yangu mwenyewe niliutua siku ile, na sijaubeba tena.

Wale mnaoajiri humu, mkiona jeshi kwenye karatasi ya mtu, mnaulizaga nini kwanza? Na maveterani wenzangu, ile miaka yenu mliandikaje? Semeni, hata kama ni kunipinga. Nipo, nasoma kila jibu.