Cherehani Nyeusi ya Mama na Nyundo ya Mwalimu

Sisi tuliokulia Voi wakati simu ilikuwa kitu cha kukaa ofisini kwa mkubwa, tunajua kwamba zamani mtu hakununua cherehani. Aliiposa. Alikwenda kuitazama mara ya kwanza, akarudi nyumbani kuwaza, akaenda tena na mtu wa kushuhudia, akaulizia tabia zake kwa majirani. Mpwa wangu Righa alichagua yake mwaka huu akiwa amelala kitandani, kwa kidole gumba, kwa sababu rangi yake inalingana na pazia.

"Auntie, hii iko na mishono mia na kitu," aliniambia. "Hata ya bata."

Ni kweli. Inaweza kupanga bata mmoja nyuma ya mwingine kwenye ukingo wa shuka mpaka wakafika mlangoni. Lakini nilipompelekea kitambaa cha kiti changu cha sebuleni, kile kizito cha makochi, mashine ililia kidogo kama mtu aliyeulizwa umri wake, kisha ikanyamaza. Righa alitazama simu, akasoma maoni ya watu wa nchi za mbali, akaniambia kwa upole kwamba kitambaa changu ndicho kina shida.

Mama yangu alikuwa fundi wa maturubai na viti. Alifunika malori, alivisha makochi ya maofisa, alitia viraka mahema ya kambi za mbugani yaliyokuwa yameraruliwa na nyani. Cherehani yake aliipata kwa mzee mmoja aliyeshona mahema hayo maisha yake yote na sasa alikuwa akirudi kwao. Mama alimtembelea mara nyingi kabla ya kusema neno. Alikuja na turubai lake mwenyewe, akalikunja mara nne, akaona kama mguu wa mashine unainuka vya kutosha kulipokea. Alizungusha gurudumu kwa mkono, macho ameyafumba, akisikiliza. Mwisho aliisukuma kwa bega. Haikutikisika, naye akatabasamu.

"Mashine unayoweza kuisukuma," alisema, "turubai nalo litaisukuma."

Basi ikaja nyumbani, nyeusi, imebebwa na wanaume wanne waliopumzika mara tatu njiani. Sisi watoto tulikulia chini ya meza yake. Tulitengeneza magari kwa vigurudumu vya uzi, tukajificha ndani ya maturubai yenye harufu ya vumbi, dizeli na vitunguu vilivyosafiri. Jumamosi tulikunywa uji na kula kimanga, mihogo iliyopondwa pamoja na maharagwe, tumekaa juu ya turubai la mtu, na Mama hakuacha kutukumbusha: "Atakayemwaga uji hapo atafungwa ndani mpaka likauke!" Hakuna aliyewahi kufungwa, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Baba alikuwa naibu mwalimu mkuu, nasi tulimwita Mwalimu hata nyumbani, kwa usalama wetu. Alikuwa mtu wa tai na maendeleo. Cherehani ile ilimwaibisha. Wageni wakija, aliifunika kwa kitambaa cha mezani, akaweka juu yake chombo cha maua, ikakaa pale kama nyati aliyevishwa kofia.

Mwaka mmoja kanisa la kwao Werugha lilipata habari kwamba askofu atakuja, na Werugha, kama mnavyojua, ukungu unaweza kugeuka mvua kabla hujamaliza kusema ukungu. Ikaamuliwa lishonwe turubai kubwa la kuketisha watu wote chini yake. Kina mama wa huko waliuza kabichi na maziwa msimu mzima, wakanunua kitambaa kizito, wakatuletea majora yakajaa sebuleni. Mama aliahidi kulishona. Kisha ikaja taarifa kwamba nyanya yetu, mama yake Mama, ni mgonjwa kule Mata. Akaenda kumuuguza kwa wiki moja.

Wiki moja ni muda mrefu kwa mtu wa maendeleo kuachwa peke yake na nyumba.

Siku ya tatu Mwalimu alipita Maungu kwa shughuli za shule, akamkuta fundi mmoja wa kufunika malori, jina lake Mutua. Mutua alikuwa ametumiwa cherehani mpya na shemeji yake wa Mombasa: ya stima, rangi ya maziwa, maua ya dhahabu ubavuni, na taa ndogo ya kumulika sindano. Wakaongea. Mutua akasema anamwonea huruma mama wa watu anayekanyaga chuma kutwa nzima. Akasema yuko tayari kuteseka yeye.

Mwalimu alirudi nyumbani amejaa furaha. "Tumebadilishana!" alitutangazia. "Mpya kwa kuukuu! Yule bwana hajui biashara kabisa."

Kesho yake lori lilikuja kuchukua nyeusi yetu. Nilishika mguu wa meza mpaka nikatolewa. Mwalimu aliniambia nisiwe mshamba.

Mama aliporudi kutoka Mata alisimama mlangoni na mkungu wa ndizi kichwani, asiutue. Alitazama pale mahali, kisha kile kitu cha rangi ya maziwa. Mwisho akautua mkungu, akakiinua kwa mkono mmoja, kama mtu anayeinua birika.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hiyo," alisema Mwalimu. "Ya kisasa."

"Yote?"

Alikwenda jikoni, na jioni ile tulikula ndizi zilizokatwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi wazee wa kanisa waliteremka kutoka Werugha kuona kazi inavyokwenda. Mwalimu aliwapanga kwenye viti kama darasa. Mzee Mwadime, katibu wa kanisa, alipewa kiti cha mbele na kikombe cha chai. Mwalimu akatoa hotuba juu ya karne mpya, akachomeka waya ukutani, akashona leso yake ya mfukoni. Uzi ulipita kama maji. Wazee wakapiga makofi, na mimi, msaliti, nikapiga pia.

Kisha akachukua pindo la turubai. Mkunjo mmoja ukapita kwa shida. Lakini pindo la turubai la kuezeka watu hukunjwa mara nne, na ndani yake hupita kamba. Mguu wa mashine ulikataa kuinuka. Mwalimu akausukuma. Kitambaa cha chini kilikwenda mbele, cha juu kikabaki nyuma. Taa ya sindano ikafifia. Ikatoka harufu ya kitu kinachoungua, na Mwalimu, ambaye hakuwahi kumwonea huruma mwanafunzi aliyekwama, akakanyaga zaidi.

Sindano ilikatika kwa kishindo. Nusu yake iliruka ikaanguka ndani ya kikombe cha Mzee Mwadime.

Mzee alichungulia ndani kwa muda. "Mwalimu," akasema, "mimi nilikuwa nimeomba sukari tu."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mzee Mwadime aliweka kikombe chini, akamgeukia Mama. "Mama Mkawasi, wale akina mama wameuza mpaka kabichi za kula. Nikawaambie nini?"

"Waambie litakuwa tayari," alisema Mama.

Nilimwona Mwalimu akiikunja leso yake polepole, ile yenye mshono mzuri, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwonea huruma.

Jumatatu shule zilikuwa zimefungwa. Mama aliamka, akatia mfukoni sindano zake nene na kipande cha mshumaa, akamwambia Mwalimu abebe majora ya turubai. Tukapanda lori la mchanga mpaka Maungu, sisi watatu, Mwalimu akiwa na tai.

Tulimkuta Mutua kwenye kibanda chake kando ya barabara kuu, jasho likimtiririka. Madereva wawili walikuwa wamemsimamia, mmoja akitaka turubai lake tangu jana. Nyeusi yetu ilikuwa mbele yake, na uzi ulikuwa ukikatika kila baada ya mishono mitatu.

"Mwalimu!" Mutua alipomwona alifoka. "Ulinipa maiti!"

"Na wewe ulinipa birika," alisema Mwalimu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia.

Nilidhani Mama atagomba. Njiani nilikuwa nimejiandaa kumsaidia kwa kilio. Lakini alipoona ile mashine ikiteswa, nadhani hasira yote ilihamia kwa uzi.

"Fundi," alisema, "naomba nikae hapo kidogo."

"Kubadilishana ni kubadilishana, mama."

"Sijakuja kubishana. Naomba kukaa."

Mutua akainuka. Mama akatoa sindano nyembamba aliyoikuta, akatia nene. Akapitisha uzi kutoka kushoto, kwa sababu ile mashine ilikuwa na mkono wake, na Mutua alikuwa akiulisha kutoka kulia kama kwa mashine nyingine zote. Akausugua uzi na mshumaa, akalegeza kibano cha juu, akazungusha gurudumu kwa mkono mara mbili. Kisha akakanyaga. Sauti ile ya kwetu, nzito, ya taratibu, ikajaa kibanda. Lile turubai la dereva lilipita kutoka upande mmoja hadi mwingine bila uzi kukatika hata mara moja. Dereva aliyekuwa akitukana alikaa juu ya ndoo akatazama kama mtu aliyeingia ibadani amechelewa.

"Umefanyaje?" aliuliza Mutua.

"Nimeiuliza inataka nini."

Wakapatana papo hapo. Mama angeshona turubai la kanisa pale pale Maungu, na wakati huohuo amfundishe Mutua kazi. Mama akimtafutia nyingine ya aina ileile kutoka kambi za mbugani, Mutua atairudisha nyeusi na kuchukua birika lake, mkewe ashonee nguo za watoto.

"Na mimi?" aliuliza Mwalimu.

Mama alimpa nyundo ya mbao. Pembe za turubai, mnaojua mnajua, hujikusanya mikunjo mpaka zinakuwa kama kichuguu, na lazima zigongwe zilainike kabla ya kupita chini ya mguu. Kwa siku tisa naibu mwalimu mkuu aligonga pembe kando ya barabara ya Mombasa. Siku ya pili alivua tai. Malori yalisimama pale, na matanboi, wale wasaidizi wa madereva, wengi wao walikuwa wamepita mikononi mwake darasani.

"Mwalimu, gonga na akili!" mmoja alimpigia kelele kutoka juu ya shehena. "Hiyo ni hesabu ya kutoa!"

Mama alikuwa mbaya zaidi. Alipapasa kila pembe kwa vidole. "Hapa bado pana mlima," alikuwa akisema. "Rudia." Neno hilo Mwalimu alikuwa amewaambia watoto wa watu kwa miaka mingi, na nilimwona akilimeza. Akarudia.

Jumapili ya askofu turubai lilikuwa limesimama Werugha, pana, limenyooka, kamba zake zimefungwa kwenye miti ya kingo za mashamba. Katikati ya mahubiri mvua ilikuja. Ilipiga juu yetu mpaka askofu akanyamaza kuisikiliza. Watu waliinua macho. Wale kina mama wa kabichi walinyoosha viganja mbele yao kutafuta tone, wakavirudisha vikavu.

Baada ya ibada askofu aliuliza nani ameshona. Mzee Mwadime, kwa mazoea ya wakati ule, akamwonyesha Mwalimu kwa mkono. Baba alisimama. Nilijua jinsi alivyopenda kusimama mbele ya watu.

"Ameshona mke wangu," alisema. "Mimi nilimpotezea mashine, halafu nikapiga nyundo."

Akaketi. Mama hakumtazama. Alikuwa akitazama mshono wa juu ya kichwa cha askofu, lakini shingo yake ilikuwa imenyooka kama ya bibi harusi.

Cherehani ilirudi Voi kabla ya mwaka kwisha, na hakuna aliyeifunika tena kwa maua. Mwalimu aliendelea kugonga pembe kila likizo, na alipotutoka miaka mingi baadaye alikuwa na sugu kwenye kiganja cha kulia ambayo aliwaonyesha wageni kama cheti.

Siku hizi hakuna anayeshona turubai kwa ajili ya siku moja. Kuna mahema ya kukodi, meupe, yenye madirisha ya plastiki na mapazia ya rangi ya waridi. Vijana huyasimamisha kwa nusu saa, wakajipiga picha mbele yake kwa saa mbili. Mwaka jana tulikuwa chini ya mojawapo hapa Voi, harusi ya binti wa jirani. Mvua haikuwa ya kutisha, ya rasharasha tu, lakini mishono ilianza kuvuja juu ya meza ya wazee, na mshereheshaji akashika maikrofoni akatuambia kwa Kiingereza kwamba hizo ni baraka. Watu wakashangilia, wakajifunika sahani.

Mama sasa haoni vizuri. Aliomba nimsogeze karibu na ukuta wa hema. Alipapasa mshono kwa vidole vyake viwili, kutoka chini hadi mahali mkono wake ulipofikia, akarudi chini tena.

"Mkawasi," aliniuliza, "huyu aliyeshona hapa, alikuwa anawahi wapi?"

Nilimvutia kiti chake mahali pakavu.